Bagoas: Waziri Aliyeshika Mlango wa Mfalme

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha kwa viongozi wa matawi na wilaya, kuna kauli moja inayorudi kila mwaka. Linapofika somo la dola za kale na utawala wa kikabaila, hakosi mwanafunzi, na mara nyingi ni mmoja wa wale wepesi wa akili, atakayesimama na kusema: "Ndugu mkufunzi, mfalme mwenyewe hakuwa mbaya. Walioharibu ni wale waliomzunguka." Wenzake hutikisa vichwa kukubali. Kauli hiyo imesemwa juu ya wafalme, imesemwa juu ya magavana na maakida wao, na husemwa mahali pa kazi juu ya meneja na karani wake. Inapendwa kwa sababu inatupa mtu mmoja wa kumlaumu na inatuachia mtu mmoja wa kumtumaini.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukijibu kauli hiyo kwa maelezo ya jumla juu ya matabaka na vyombo vya dola. Tumegundua kwamba maelezo ya jumla hayamtoshi mwanafunzi wa namna hiyo, kwa kuwa yeye ana mfano na sisi hatuna. Hivyo basi katika makala haya tunauchukua mfano ambao ungemfaa yeye kuliko mwingine wowote: habari za Bagoas, towashi na waziri mkuu wa Uajemi, ambaye katika muda wa miaka miwili aliwatilia sumu wafalme wawili na akafa kwa kikombe alichomwandalia wa tatu. Ikiwa yuko mshauri mbaya katika historia ya dunia, ni huyu. Tutazame kama kauli ile inasimama.

Kwanza tuondoe utata. Katika historia ya zama hizo wako watu wawili mashuhuri wenye jina hili. Mmoja ni kijana aliyependwa na Alexander wa Makedonia baada ya Uajemi kuanguka. Huyo simo tunamosema. Tunayemsema ni yule wa kwanza, aliyekufa mwaka 336 K.K., kabla Alexander hajavuka kuingia Asia. Jina lenyewe ni la Kiajemi na limetokana na neno "baga", yaani mungu. Lakini matowashi wengi waliitwa hivyo hata Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 B.K., akaandika kwamba kwa Kiajemi neno hilo maana yake ni towashi. Jina la kumtukuza mungu limegeuka kuwa jina la kazi, na kazi yenyewe ni ya mtu aliyekatwa.

Watoto wa kodi

Mtu hazaliwi towashi wa ikulu. Hutengenezwa. Herodotus, Myunani wa karne ya 5 K.K., ametuachia orodha ya kodi ambazo kila nchi ililipa kwa Mfalme Mkuu wa Uajemi. Nchi ya Babeli pamoja na Ashuru ilitoa kila mwaka talanta 1,000 za fedha. Talanta moja ya Babeli ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo tunasema juu ya tani 30 hivi za fedha tupu. Juu ya fedha hiyo ilitoa wavulana 500 waliohasiwa. Katika orodha hiyo hiyo wamo pia Waafrika wa kusini mwa Misri, ambao Wayunani waliwaita Waethiopia. Wao kila mwaka wa tatu walipeleka dhahabu ghafi, magogo 200 ya mpingo, pembe 20 kubwa za ndovu, na wavulana watano. Watoto wameandikwa katika orodha moja na magogo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi juu ya orodha ya namna hiyo.

Walikuwapo pia wafanyabiashara. Herodotus anamtaja mtu wa kisiwa cha Chios aitwaye Panionius, ambaye kazi yake ilikuwa kununua wavulana wenye sura nzuri, kuwahasi, na kuwauza kwa bei kubwa katika masoko ya Sardis na Ephesus. Bei ilikuwa kubwa kwa sababu mnunuzi alitaka kitu maalumu, nacho ni uaminifu. Xenophon, Myunani mwingine, aliyepata kutumikia jeshini upande wa mwana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, ameliweka wazo hilo katika kinywa cha Mfalme Cyrus: mtu mwenye watoto huwapenda watoto wake kuliko bwana wake, na mwenye mke humpenda mkewe. Lakini mtu asiye na mke wala mtoto, na anayedharauliwa na watu wote, hana kimbilio ila kwa bwana wake. Basi huyo ndiye afaaye kulinda kitanda, chakula na mlango.

Tunaomba wenzetu wasome tena hesabu hiyo. Mtawala anajua kwamba ndugu zake wana ukoo, watawala wa majimbo wana mashamba, na majemadari wana askari. Kila mmoja wao anaweza siku moja kuwa mfalme. Dawa anayoipata ni kumchukua mtoto wa mtu, kumkata na ukoo aliotoka na ukoo ambao angeuzaa, kisha kumpa funguo. Uaminifu unaotokana na imani moja au maslahi ya pamoja haupo hapa. Uliopo umepatikana kwa kisu. Na hapa tayari mwanafunzi wetu ana swali la kujibu: aliyemzunguka mfalme kwa watu wa namna hii ni nani, kama si mfalme mwenyewe?

Mkuu wa elfu

Bagoas alipanda hadi kufikia cheo ambacho Waajemi walikiita "hazarapatish", na Wayunani wakakitafsiri kuwa mkuu wa elfu. Asili yake ni ukamanda wa askari elfu moja wa ulinzi wa mfalme. Kwa kuwa askari hao walisimama mlangoni, mkuu wao akawa ndiye mwenye mlango. Cornelius Nepos, mwandishi wa Kirumi, anasimulia jinsi Conon wa Athens alivyofika ikulu mwanzoni mwa karne ya 4 K.K. akitaka kusema na mfalme. Ilimbidi kwanza aende kwa mkuu wa elfu wa wakati huo, Tithraustes, mtu wa pili katika dola yote, maana bila ya yeye hakuna aliyepata kuonana na mfalme.

Tulitafakari neno hili "bila ya yeye". Dola ya Uajemi ilianzia Bahari ya Mediterania hadi mipakani mwa Bara Hindi. Hakukuwa na bunge, wala baraza la kuchaguliwa, wala chombo chochote ambacho mkulima au fundi angeweza kupeleka neno lake kikamuwajibisha mkubwa. Kesi, cheo, shamba, msamaha na vita vyote viliishia katika sikio la mtu mmoja. Mambo yote ya nchi yakiwa katika sikio moja, mwenye kusimama karibu na sikio hilo amekwisha kuwa mtawala, hata kama hakuna sheria inayosema hivyo. Haimlazimu kutoa amri. Inamtosha kuchagua nani aingie leo na nani aambiwe arudi kesho.

Mfalme wa Bagoas alikuwa Artaxerxes wa Tatu, aliyeitwa pia Ochus, aliyetawala tangu 358 hadi 338 K.K. Huyu hakuwa mjinga wala dhaifu. Alianza utawala wake kwa kuwafyeka jamaa zake ili asibaki wa kugombea naye kiti, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kurudisha majimbo yaliyoasi. Misri ilikuwa huru kwa miaka 60 hivi. Jaribio la kuirudisha karibu na mwaka 351 K.K. lilishindwa kwa aibu, na kushindwa huko kukawatia moyo watu wa Sidon, mji wa bandari wa Foinike, nao wakaasi. Mfalme wao Tennes aliwauza watu wake kwa Artaxerxes. Diodorus wa Sicily anasema raia wa Sidon, walipoona wamesalitiwa, walijifungia ndani ya nyumba zao wakazitia moto, wakafa zaidi ya 40,000. Artaxerxes akayauza majivu ya mji huo kwa watu waliotaraji kuchekecha humo fedha na dhahabu iliyoyeyuka. Hao ni walanguzi, hatuna jina lingine kwao. Tennes mwenyewe, kazi yake ilipokwisha, aliuawa.

Jambo hili lilifanywa na mfalme, mchana kweupe, naye yupo. Hakuna aliyemnong'oneza.

Mapatano ya Bubastis

Vita vya Misri vya mwaka 343 K.K. ndivyo vilivyomfanya Bagoas kuwa Bagoas. Jeshi liligawanywa sehemu tatu, na sehemu mojawapo aliongoza yeye pamoja na Mentor wa kisiwa cha Rhodes, kiongozi wa mamluki. Huyo Mentor alikuwa amepelekwa Sidon na Farao ili awasaidie waasi, akageuka pamoja na Tennes, na sasa anakwenda kumpiga aliyemtuma. Tunaona watu waliokuwa wakiongoza dola hizo.

Askari wa Farao Nectanebo wa Pili walikuwa mchanganyiko wa Wamisri wenyewe na mamluki wa Kiyunani. Mentor akaeneza habari kwamba atakayejisalimisha atapata rehema, na atakayepigana atakipata kilichoipata Sidon. Mara kila ngome ikagawanyika, Wamisri wakitaka kuwatangulia Wayunani kusalimu amri, na Wayunani wakitaka kuwatangulia Wamisri. Katika mji wa Bubastis Wamisri walimpelekea Bagoas mjumbe wa siri, naye akaahidi kuwapokea. Wayunani waligundua, wakawapiga Wamisri, kisha nao wakapeleka neno kwa Mentor kwa siri. Mentor akawaambia: mwacheni Bagoas aingie, halafu mfanye kazi. Bagoas akaingia na sehemu ya askari wake. Milango ikafungwa nyuma yake, watu wake wote waliokuwa ndani wakauawa, naye akakamatwa hai.

Mtu aliyeishi kwa kushika mlango alifungiwa mlango. Kwa kuwa hakuona wa kumwokoa ila Mentor, alimsihi amtoe na kumwahidi kwamba tangu siku hiyo hatafanya neno bila shauri lake. Mentor akamtoa, akaupokea mji kwa jina lake mwenyewe na sifa yote akaichukua yeye. Kisha wakaapishana kushirikiana daima. Diodorus anasema kiapo hicho walikishika hadi mwisho wa maisha yao, na kwamba kwa ushirika huo Bagoas akawa bwana wa ufalme, hata Artaxerxes hakutenda jambo bila ya shauri lake. Mentor alipewa amri juu ya pwani ya magharibi pamoja na talanta 100 za fedha, na Bagoas akapewa usimamizi wa majimbo ya juu, yaani ya ndani ya Asia.

Sisi tunaona kuwa hapa ndipo penye kiini cha mambo. Hesabu ya Cyrus ilikuwa kwamba towashi hana ukoo, kwa hiyo hana wa kushirikiana naye. Lakini mtu aliyenyimwa ukoo hutafuta mfano wa ukoo. Bagoas aliupata katika mapatano ya watu wawili, mmoja ana mlango na mwenzake ana askari wa kulipwa. Ukabaila ulimnyang'anya jamaa wa damu, nao wenyewe ukampa jamaa wa maslahi. Kundi dogo la watu wawili waliolindana likawa na nguvu kuliko baraza lote la waungwana wa Uajemi.

Nectanebo, farao wa mwisho aliyekuwa Mmisri, alikusanya mali yake akakimbilia kusini, nchi ya Kushi. Misri ikafunguliwa kwa uporaji. Kuta za miji mikubwa zilibomolewa, mahekalu yakanyang'anywa fedha na dhahabu. Bagoas akafanya biashara ya kipekee: alichukua maandiko ya kale kutoka katika mahekalu, kisha akawauzia makuhani wale wale maandiko yao wenyewe kwa fedha nyingi. Kitendo hiki kinafaa kukumbukwa na kila mtumishi wa umma. Mtu anayemuuzia raia karatasi iliyo haki yake tangu mwanzo hajabuni kitu kipya, na ahadi ya mwanachama juu ya cheo kuwa dhamana inamhusu yeye kwanza kabla ya wengine.

Sumu

Mwaka 338 K.K. Artaxerxes wa Tatu alikufa. Diodorus anaeleza kwamba Bagoas alimtilia sumu kwa mkono wa tabibu mmoja, kisha akamtawaza Arses, mwana mdogo kuliko wote, na akawaua ndugu zake ili kijana abaki peke yake na awe mtiifu. Arses alipoanza kuonyesha kwamba anakusudia kumwadhibu muuaji, Bagoas akamtangulia. Katika mwaka wa tatu wa utawala wake, 336 K.K., alimuua pamoja na watoto wake. Nyumba ya Ochus ikawa imekwisha, ikabidi atafutwe mtu kutoka tawi jingine la ukoo. Aliyechaguliwa ni yule aliyekuja kuitwa Darius wa Tatu, mtu mzima, mwenye sifa ya kumshinda adui ana kwa ana katika vita dhidi ya Wakadusi. Baada ya muda mfupi Bagoas alimwandalia na huyo kikombe. Darius alipata habari. Akamwita Bagoas kwa heshima, kama anayemkaribisha kunywa, akampa kikombe kile kile na kumlazimisha akinywe.

Je, habari hizi ni za kuaminiwa zote? Ni wajibu wetu kuuliza, maana Diodorus aliandika miaka 300 hivi baadaye, na Wayunani walipenda sana kuonyesha kwamba Uajemi ilitawaliwa na wanawake na matowashi, ili uvamizi wa Alexander uonekane kama tiba. Tuna bahati kwamba Wababeli waliandika juu ya udongo, na udongo hauozi. Kibao kimoja cha Babeli kinasema kifupi kwamba katika mwezi wa Ululu (Agosti hadi Septemba) mfalme alikwenda kwenye ajali yake, na Arses mwanawe akaketi katika kiti. Hicho hakisemi sumu. Kwa hiyo wako wanahistoria wanaoamini kwamba Artaxerxes alikufa kifo cha kawaida, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini kibao kingine, kinachohesabu tawala kwa mtindo wa unabii, kinasema kwamba baada ya mfalme aliyetawala miaka miwili alitokea towashi akamuua, kisha mwana wa ukoo mwingine akatwaa kiti kwa miaka mitano. Hizo ni habari za Arses na Darius, na aliyeziandika hakuwa Myunani wala hakuwa na haja ya kumfurahisha Alexander. Basi hata tukimsamehe Bagoas sumu ya kwanza, ya pili inabaki juu yake.

Alexander mwenyewe, katika barua anayodaiwa na mwandishi Arrian kumwandikia Darius, alimshitaki kwamba yeye na Bagoas walishirikiana kumuua Arses. Yawezekana ni propaganda ya vita. Lakini aliyefaidika na kifo hicho anajulikana, na aliyefaidika ndiye aliyemnyamazisha shahidi kwa kikombe.

Swali tunaloulizwa sana darasani ni hili: kwa nini Bagoas hakujitawaza mwenyewe? Alikuwa na jeshi, mali na mlango. Jibu limo katika kisa cha miaka 80 hivi kabla yake, cha towashi Artoxares aliyekuwa na nguvu katika utawala wa Darius wa Pili. Ctesias, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi katika ikulu ya Uajemi, anasimulia kwamba Artoxares alitaka kuwa mfalme, akamwagiza mwanamke amtengenezee ndevu na masharubu ya bandia ili aonekane mwanamume kamili. Mwanamke huyo alimchongea, naye akauawa. Wasomaji wengine watacheka. Sisi hatuoni la kucheka. Ufalme ule ulikuwa mali ya ukoo, inayorithiwa kama shamba. Asiyeweza kuzaa hawezi kurithisha, na asiyeweza kurithisha hawezi kumiliki. Mtumishi angeweza kumwondoa mwenye mali mara tatu, lakini kila mara ilimbidi atafute mrithi mwingine wa mali ile ile. Bagoas aliweza kuua wafalme, asiweze hata kidogo kuugusa ufalme. Hakuna chochote katika mwendo wake kinachoonyesha kwamba hata alifikiri kuugusa. Alitaka mfalme dhaifu, na kila mfalme dhaifu alipopata nguvu kidogo, ilimbidi kuanza upya.

Kwa hiyo turudi kwa mwanafunzi wetu. Ukimwondoa Bagoas, mlango unabaki. Mwaka 465 K.K., zaidi ya karne moja kabla yake, Mfalme Xerxes aliuawa chumbani mwake kwa njama ya Artabanus, mkuu wa walinzi, akisaidiwa na towashi aliyelinda chumba hicho. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba hata kitabu cha Esta kinataja matowashi wawili, walinda mlango katika ngome ya Shushani, waliotaka kumuua mfalme. Majina ni tofauti, mahali pa kusimama ni pale pale.

Waliokuwa nje ya mlango

Katika habari zote hizi hatujamtaja mtu hata mmoja anayelima. Waandishi wa kale hawakuwataja, lakini maofisa wa hazina waliwaandika kwa kuwa walikula posho. Vibao vya Persepolis, vilivyofukuliwa kuanzia mwaka 1933, vinaonyesha makundi ya wafanyakazi, wanaume, wanawake na watoto, wakipimiwa nafaka kutoka katika maghala ya mfalme miaka ya 509 hadi 493 K.K. Mwanamume wa kawaida alipata lita 30 hivi za shayiri kwa mwezi. Mama aliyejifungua alipata nyongeza, na aliyejifungua mvulana alipata mara mbili ya aliyejifungua msichana. Dola ilihesabu mpaka tumbo la mfanyakazi. Huko Nippur, katika karne ya 5 K.K., nyumba ya biashara ya Murashu ilikodi mashamba ya wakubwa wa ikulu, ikayakodisha kwa wakulima, na kuwakopesha fedha kwa riba kubwa ili walipe kodi ya mfalme. Miongoni mwa wenye mashamba wanaotajwa humo limo jina ambalo wataalamu wanalitambua kuwa ni la Artoxares yule wa ndevu za bandia.

Hatutaki hapa kuingia katika mabishano ya wanazuoni kama mfumo huo uitwe ukabaila kamili au ule ambao Marx aliuita mfumo wa Kiasia. Mkulima wa Babeli kati ya 338 na 336 K.K. alikuwa chini ya wafalme watatu, na kodi ilikuwa moja. Fitina za ikulu zilikuwa vita vya kugawana jasho lake, naye hakuwa na upande.

Hakuwa na upande, wala hakuwa na sababu ya kuutetea. Huko Misri, katika miaka hiyo ya 330, mtu aitwaye Khababash aliasi akajitangaza farao. Na Alexander alipofika Misri mwaka 332 K.K., liwali wa Kiajemi Mazaces alimkabidhi nchi bila vita, na Wamisri, ambao walikuwa wamenunua maandiko yao wenyewe kwa Bagoas miaka kumi na moja tu iliyopita, hawakunyanyua mkono. Mara nyingi husemwa kwamba Uajemi ilianguka kwa akili ya kivita ya Alexander huko Issus mwaka 333 na Gaugamela mwaka 331 K.K. Akili hiyo ilikuwapo. Lakini Darius aliyekwenda kupigana naye alikuwa mfalme aliyeokotwa na waziri muuaji, ndugu wa nyumba ya kifalme wameuawa, majimbo hayamwamini, na raia hawajali. Mwaka 330 aliuawa na watu wake mwenyewe, wakiongozwa na liwali wake Bessus.

Mali ya Bagoas iligawanywa na washindi. Karibu na Babeli kulikuwa na bustani yake (na neno letu hili bustani asili yake ni Kiajemi), yenye mitende ya aina bora iliyoitwa ya kifalme, ambayo Theophrastus, mtaalamu wa mimea, aliiandika. Nyumba yake ya Susa, ambayo ndiyo Shushani, Alexander alimpa jemadari Parmenion, na Plutarch anasema ndani yake zilikutwa nguo za thamani ya talanta 1,000, yaani hesabu ile ile ya talanta ambayo nchi nzima ya Babeli ililipa kwa mwaka. Parmenion hakuikalia kwa muda mrefu. Mwaka 330 K.K. aliuawa kwa amri ya huyo huyo aliyempa.

Na cheo je? Alexander, aliyekuja kuifuta Uajemi, hakukifuta. Aliwaachia magavana wengi wa zamani nafasi zao, akaziendeleza kodi, na cheo cha mkuu wa elfu akampa rafiki yake Hephaestion. Huyo alipokufa mwaka 324 K.K., kazi zake zikamwangukia Perdiccas. Mwaka uliofuata Alexander mwenyewe akafa huko Babeli, na kiti wakakalishwa wawili kwa pamoja: ndugu yake Arrhidaeus, mgonjwa wa akili, na mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Hakuna kati yao aliyeweza kutoa amri. Amri zilitoka kwa Perdiccas, Mmakedonia kamili, mwenye ndevu akizitaka na mwenye uwezo wa kuzaa, mpaka miaka michache baadaye maofisa wake walipomuua ndani ya hema lake, kando ya mto Nile.